Kaseti za Ukambani Zinahitaji Fundi

Siku hizi Nairobi kuna vijana wananunua Walkman za zamani. Wanazivaa kiunoni, wanapigwa picha, halafu zinarudi kwenye rafu. Sina shida na hiyo. Lakini ukienda Ukambani, upande wowote wa Mto Athi, iwe Kitui au Makueni, mashine ya kaseti bado ina kazi. Kuna sauti za watu kule ambazo hazipo mahali pengine popote. Zimo ndani ya kaseti zilizopangwa juu ya makabati na chini ya vitanda, na mashine za kuzicheza karibu zote zimekufa. Kwa hivyo nikikwambia hobi yangu ni kufufua mashine hizi, usidhani natamani miaka ya themanini. Sikuwepo. Natafuta tu ufunguo wa kufungua mlango.

Tuanze mbali kidogo. Kaseti tunayoijua ilionyeshwa mara ya kwanza mwaka 1963 mjini Berlin, na kampuni ya Philips ya Uholanzi. Aliyeongoza timu iliyoibuni ni mhandisi Lou Ottens, aliyefariki 2021. Ndani kuna utepe wa upana wa milimita 3.81, unaopita mbele ya kichwa cha mashine kwa kasi ya sentimita 4.76 kwa sekunde. Philips iliruhusu kampuni nyingine zitengeneze kaseti bila kulipa, mradi zifuate vipimo hivyo. Ndiyo maana kaseti ya Japani ilicheza kwenye redio ya Uholanzi, na zote mbili zikaishia Mutomo.

Mwaka 1979 Sony ikaleta Walkman. Ilikuwa nzuri, ndogo, ya kutembea nayo. Lakini ile ya kwanza haikuweza kurekodi, ilicheza tu. Kwa kijana wa Tokyo hiyo ilitosha. Ukambani mambo yalikuwa tofauti. Mashine iliyobadilisha maisha kule ni ile bapa yenye spika, maikrofoni ndani yake, mpini wa kubebea, na vitufe mbele kama vya piano. Kimojawapo kilikuwa chekundu. Hicho ndicho cha kurekodi.

Kabla ya kitufe chekundu, kurekodiwa ilikuwa safari. Bendi ilipanda basi hadi Nairobi, ikatafuta prodyusa, ikasubiri zamu yake studioni. Ikibahatika, wimbo ulitoka kwenye santuri ndogo ya 45, mara nyingi ukigawanywa mara mbili, nusu upande huu na nusu upande ule. Kwa njia hiyo tulipata Kakai Kilonzo na Les Kilimambogo, Peter Mwambi na Kyanganga Boys, Kalambya Boys, na Kalambya Sisters waliotikisa nchi na “Katelina” mapema miaka ya 1980. Kakai aliimba Kikamba na Kiswahili pia, akasikika mbali na kwao. Alifariki 1987. Santuri zake bado zinatafutwa, na wakusanyaji wa Ulaya wananunua.

Sasa jiulize nani hakupanda hilo basi. Akina mama wa kilumi hawakupanda, wale wazee wanaocheza ngoma ya mizimu usiku kucha. Vikundi vya mwethya, vilivyochimba matuta vikiimba, havikupanda. Kwaya ya kanisa la kijijini, ngui anayetunga wimbo wa kumkejeli chifu, mama mwenye shamba la mbaazi: hakuna kampuni ya santuri ingemlipia yeyote kati yao nauli.

Kaseti iliwafuata nyumbani.

Enyewe, kaseti ina madhambi yake. Santuri moja ilitosha kuzaa kaseti hamsini za kunakili, zikauzwa stendi ya matatu bila mwanamuziki kupata hata shilingi. Biashara ya santuri ilizama kabla miaka ya 1980 haijaisha, na wanamuziki wana haki ya kuinunia kaseti hadi leo. Serikali nayo iliiogopa. Mwaka 1990, wakati wa joto la kudai vyama vingi, polisi walikamata wauzaji wa kaseti za nyimbo za siasa. Kitu cha bei ndogo, kinachoweza kunakiliwa jikoni kwa mtu, hakidhibitiki kirahisi.

Lakini kijijini shida kubwa haikuwa polisi. Ilikuwa betri. Nyumba nyingi za Kitui na Makueni hazikuwa na stima, kwa hivyo kila dakika ya kusikiliza ilihesabiwa. Betri zikichoka zilianikwa juani zipate nguvu kidogo. Kurudisha kaseti nyuma ilikuwa kazi ya biro: unaipenyeza kwenye tundu, unazungusha kwa mkono, unaokoa betri. Kaseti tupu nayo ilikuwa pesa. Watu walichukua kaseti ya mahubiri iliyokwisha kusikilizwa, wakaziba vile vitundu viwili vya juu kwa karatasi, wakarekodi harusi juu yake.

Vitundu hivyo nieleze kidogo, maana vina maana huko mbele. Juu ya kaseti kuna vijino viwili vya plastiki, kimoja kwa kila upande. Ukikivunja, mashine inakataa kurekodi upande huo. Aliyevunja kijino alikuwa anasema: hii isifutwe.

Umau wangu, yaani babu, alifanya kazi bandarini Mombasa. Susu alibaki Makueni, upande wa Kathonzweni. Barua zilikuwepo, lakini susu hakusoma, na barua ya mtu asiyesoma husomwa kwanza na jirani. Kwa hivyo walitumiana kaseti. Umau alirekodi, akampa kondakta wa basi. Susu alisikiliza, kisha akabonyeza kitufe chekundu akajibu juu ya kaseti ileile, kwa sababu hapakuwa na nyingine. Kaseti ikarudi Mombasa. Fikiria hiyo. Kila jibu lilifuta barua iliyokuja. Miaka ya ndoa yao ilikuwa inajifuta yenyewe.

Umau alipofariki, sanduku lake la bati lilirudi nyumbani. Ndani kulikuwa na kaseti 17. Nilizirithi, na zilikaa kimya kwa sababu hakuna kitu nyumbani kingeweza kuzicheza.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, kwa hivyo sina idara ya kunilipia utafiti. Nilikuwa na bisibisi. Nilinunua mashine mfu sokoni Wote, ya Kijapani, nikampelekea fundi wa redio aliyefanya kazi hiyo tangu mama yangu akiwa msichana.

“Mzee, hii inaweza kupona?”

Aliifungua, akazungusha gurudumu kwa kidole. “Mota iko sawa, kijana. Belti ndiyo imeoza. Kaa hapa nikuonyeshe, mimi macho hayaoni vizuri tena.”

Ndani ya mashine hizi mambo ni wazi, si kama simu. Mota inavuta belti ya mpira. Belti inazungusha gurudumu zito, na uzito wake ndio unaoweka mwendo sawa. Gurudumu lina kipini cha chuma kinachotokeza juu, na rola ya mpira inabana utepe dhidi ya kipini hicho, ukapita mbele ya kichwa. Basi. Ukiona kila hatua kwa macho, unaweza kuitengeneza.

Mpira wa belti ukizeeka hugeuka lami. Unashika kila kitu, mikono, nguo, meza. Nilitumia jioni mbili kuondoa lami hiyo kwa pamba na spiriti. Nilisugua kutu ya betri kwa mswaki, nikasafisha kichwa na rola, nikapima njia ya belti kwa uzi. Belti mpya nilipata Luthuli Avenue, Nairobi, fupi kidogo kuliko uzi wangu ili ikaze. Nyuma ya mota kuna kitundu, na ndani yake skrubu ndogo ya kurekebisha kasi. Pembeni ya kichwa kuna nyingine, ya kukiinamisha.

Hiyo ya pili ndiyo iliyonifunza historia. Kama kaseti ilirekodiwa na mashine ambayo kichwa chake kilikuwa kimepinda, mashine yako iliyonyooka itatoa sauti ya mtu anayeongea ndani ya gunia. Inabidi upinde kichwa chako vilevile. Nilizungusha taratibu mpaka herufi ‘s’ zikaanza kusikika, na maneno yakatokea.

Kwenye kaseti 16 nilipata kwaya, kilumi mmoja mrefu wenye mbwa anayebweka, hotuba za mazishi, na muziki wa redioni. Tatu zilikuwa na ukungu mweupe, hizo sijazigusa. Moja ilikatika. Niliiunga kwa utepe maalumu, kwa maana gundi ya selotepu huvuja na kuchafua kichwa, halafu nikaihamishia kwenye ganda jipya lenye skrubu tano.

Kaseti ya 17 ilikuwa na vijino viwili vilivyovunjwa.

Ni susu. Anasema ng’ombe wamekufa, anataja jina la njaa: Nikw’a Ngwete, nitakufa nikiwa nimeshika. Wakamba huzipa njaa majina, na hiyo ni ya 1984, pesa ilikuwepo mkononi lakini chakula cha kununua hakikuwepo. Kaseti haina tarehe, lakini jina hilo ni tarehe. Anaorodhesha nani ameomba nini, nani ameenda Kibwezi kutafuta kibarua. Kadiri anavyoongea sauti yake inakuwa nyembamba, kama ya mtoto. Si huzuni, ni betri. Zilikuwa zinaisha, mota ikapunguza mwendo wakati wa kurekodi, na leo kwa mwendo sahihi anasikika akiharakishwa. Kisha kinabonyezwa kitu, tak.

Na baada ya tak, sentensi inaanzia katikati, kwa sauti ya mwanamume.

Jibu la susu lilikuwa fupi kuliko barua ya umau. Mkia wa barua ulibaki, kama dakika mbili hivi. Mama aliposikia mara ya kwanza alitikisa kichwa: “Huyo si baba.” Mashine ya Mombasa ilikuwa na mwendo wake. Nilirudi kwenye skrubu ya mota, nikapunguza, nikapunguza tena, yeye akisikiliza huku anachambua mboga. Kisha akaacha kuchambua. Umau alikuwa anasema mbuzi mweusi asiuzwe, na kwamba atatuma unga kwa basi la Ijumaa.

Kanakili niliyotengeneza ipo kwenye laptopu, kwa waya wa kutoka tundu la headphone na programu ya bure ya Audacity. Mama amekataa isiende kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Susu aliogopa jirani kusoma barua yake, na mimi naheshimu hilo. Si kila kinachookolewa ni cha kusambazwa.

Muziki wa bendi umepata watetezi. Ketebul Music, ya Tabu Osusa, ilitoa “Retracing the Benga Rhythm” mwaka 2008, na kazi hiyo inastahili heshima. Kaseti za nyumbani hazina mtetezi. Zinakaa chini ya mabati yanayochemka mchana, ukungu unaingia mvua za Novemba, na siku mtu akisafisha nyumba zinachomwa pamoja na takataka.

Kwa hivyo ukienda ushago Desemba, uliza kaseti ziko wapi kabla hujauliza Wi-Fi. Usizicheze kwenye mashine ambayo hujaisafisha, itazitafuna. Zenye ukungu ziweke kando, mahali pakavu. Andika nani anaongea huku wanaomjua bado wapo. Na ukikuta vijino vimevunjwa, anza na hiyo.