Kipimo cha mirija: dawa, dhara au hukumu?

Kuna swali limekuwa likizunguka miongoni mwa wenzangu wa hapa Sumbawanga waliooa na kuolewa miaka ya karibuni: hivi vipimo vya uzazi, vyenyewe kama vyenyewe, vinaweza kumfanya mtu ashike mimba? Au vinaweza kumharibia? Mmoja atakutajia ndugu aliyepigwa picha ya mirija na muda si mrefu mambo yakajibu. Mwingine atakutajia dada aliyetoka kupimwa na maumivu ya tumbo. Mimi si daktari, ni mwandishi wa habari tu. Nikaamua kufukua historia.

Mwaka 1901 huko Ufaransa, Marcel Guerbet alitengeneza mafuta ya mbegu za mpopi yenye madini joto. Mwaka 1914 nchini Marekani, William Cary na Isidor Rubin, kila mtu kivyake, walijaribu kuingiza dawa kwenye kizazi na kupiga eksirei ili waone kama mirija imeziba. Mwaka 1920 Rubin akatangaza njia ya kupuliza gesi badala ya dawa. Miaka hiyohiyo ya 1920 mafuta ya Guerbet nayo yakaanza kutumika kwenye picha za kizazi. Baada ya muda madaktari wakaona jambo la ajabu: baadhi ya wanawake walioenda kupimwa tu walirudi wakiwa wajawazito!

Je, ilikuwa bahati? Mwaka 2017 Waholanzi walitoa jibu zito. Wanawake 1,119 waligawanywa kwa kura. Wengine walipimwa kwa dawa ya mafuta, wengine kwa dawa ya maji. Ndani ya miezi sita mimba zilizoendelea zilikuwa asilimia 39.7 kwa mafuta na 29.1 kwa maji. Kwa hiyo ndiyo, kipimo kinaweza kusaidia.

Lakini usikimbilie kushangilia. Kuna kipimo kingine, cha kuchukua kinyama kidogo kwenye ukuta wa kizazi. Mwaka 2003 watafiti wa Israel waliripoti kwamba waliofanyiwa hivyo kabla ya mimba ya maabara walifanikiwa zaidi. Kliniki nyingi duniani zikaanza kukwangua kizazi kama tiba. Mwaka 2019 ukachapishwa utafiti mkubwa wa wanawake 1,364: waliokwanguliwa, waliojifungua ni asilimia 26.1, wasiokwanguliwa, asilimia 26.1. Miaka yote hiyo watu walilipia maumivu ya bure.

Na dhara lipo. Ukipitisha dawa kwenye kizazi chenye maambukizi, unaweza kuyasukuma hadi kwenye mirija. Ndiyo maana daktari makini huuliza kwanza kuhusu homa, uchafu na maumivu, na hupanga siku: baada ya hedhi kwisha, kabla yai halijatoka. Mafuta yale nayo, kwa wingi wa madini joto, yanaweza kuvuruga tezi ya shingo.

Sasa tuje kwetu Ufipa. Jina la mji wetu, kwa tafsiri iliyozoeleka, ni "tupa uchawi". Mwaka 1963 na 1964 vuguvugu la Kamcape lilipita vijijini likidai kusafisha uchawi, na mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyekuwa akitafiti huku wakati huo, aliandika habari zake. Kabla ya hapo, mapadri wa White Fathers, waliochukua kituo cha Karema mwaka 1885, walikuja na sheria yao: kwa Kanisa Katoliki, utasa hauvunji ndoa. Ndoa ikabaki, na swali la "kwa nini" likabaki ndani ya nyumba.

Kipimo kilitakiwa kulijibu swali hilo. Tatizo ni kwamba wale Waholanzi walichagua wanawake ambao haikudhaniwa mirija yao ina ugonjwa. Kwetu hali ni tofauti. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 1985 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 85 ya wanawake wagumba waliochunguzwa Afrika kusini mwa Sahara walikuwa na tatizo linalohusishwa na maambukizi. Duniani kote ilikuwa asilimia 33. Mrija uliokufa kwa kisonono ambacho hakikutibiwa hauzibuliwi na mafuta ya mpopi, wala na zile chupa za "kusafisha kizazi" zinazouzwa stendi.

Kisha kuna kipimo kimoja ambacho hakiongezi wala kupunguza nafasi ya mimba hata chembe: kupima mbegu za mwanamume. Hakina sindano wala eksirei, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na picha ya mirija. Ajabu ni kwamba mara nyingi mke ndiye anayetangulizwa, tena kwa kipimo kinachouma, wakati mume amebaki kijiweni akisubiri majibu ya mwenzake.

Kwa maoni yangu, mpangilio huo ugeuzwe. Mume apime kwanza, maambukizi yatafutwe na kutibiwa kwa wote wawili, ndipo mke apelekwe kwenye eksirei. Akishika mimba baada ya picha, tumshukuru Mungu na mafuta ya Guerbet. Asiposhika, angalau hatakuwa amebeba peke yake hukumu ya watu wawili.

Wanaume wenzangu, mnasemaje?