Upembuzi wa Habari, Si Ulaji wa Vyombo

Kuna tafsiri inayozunguka siku hizi katika semina na vijitabu vya mafunzo: "ulaji makini wa vyombo vya habari". Imekusudiwa itaje tabia ya mtu anayechagua kwa akili anachosoma, anachosikiliza na anachotazama, ili muda na fikra zibaki kwa kazi ya kubuni inayompa sababu ya kuamka asubuhi. Dhana yenyewe haina fumbo. Kila mwenye simu janja anaijua, hata kama haifuati. Fumbo liko kwenye jina. Kwa mujibu wa sarufi, kinacholiwa hapo ni vyombo. Mama wa Mbinga mjini akiambiwa kwamba mwanawe amepelekwa kujifunza ulaji wa vyombo, atarudi ndani kuhesabu sahani zake.

Watetezi wa tafsiri hiyo watasema kwamba mlaji ni neno la sheria na la uchumi. Ni kweli. Mnunuzi wa sabuni ameitwa mlaji kwa miongo mingi, na haki za mlaji hutajwa hadi bungeni. Lakini ulaji una maisha mengine mitaani. Mtu akipewa cheo chenye posho nono, majirani husema amepata ulaji, na hawasemi kwa kumwombea heri. Ukiongeza "makini" juu yake, unapata ushauri unaomfaa mla rushwa asiyetaka kukamatwa.

Hilo "makini" nalo lina historia ambayo waliolipachika hawakuiuliza. Kwa Kiarabu, makin ni kitu kilichokita, kilichoimarika mahali pake. Mzizi huohuo ndio uliotupa yamkini, neno la mambo yanayowezekana. Katika Kiswahili cha zamani mtu wa makini alikuwa mtulivu, mwenye haiba na mwenendo wa heshima. Hakuwa lazima mtu anayekodoa macho. Maana ya kukaza fikra imekua baadaye, ikapata nguvu darasani na kwenye mabango ya usalama barabarani. Neno lililobeba utulivu limegeuzwa onyo, kisha likapewa kazi ya kuutaja utulivu uleule lililoupoteza.

Haki itendeke: kitenzi "kula" kiliwahi kuifaa habari. Kilifaa wakati wa njaa. Agosti 1914 meli ya Kiingereza Gwendolen, chini ya Kamanda Rhoades, ilifika Liuli kwenye Ziwa Nyasa, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, yaani Bandari ya Sfinksi, kwa sababu ya umbo la jiwe la Pomonda lililoko majini. Ikaifyatulia mizinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann, iliyokuwa imevutwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades, na alikasirika kwa sababu hakuwa amepata habari kwamba nchi zao zilikuwa vitani. Alipoteza meli na uhuru wake kwa kukosa taarifa moja. Mtu wa namna hiyo ana haki ya kusema kwamba ana njaa ya habari na angependa kula.

Kijana wa Mbamba Bay wa leo hana njaa hiyo. Kabla hajapiga mswaki ameshapata matokeo ya mechi za Ulaya, ugomvi wa wasanii wawili wa Dar es Salaam, tiba ya kisukari isiyo tiba na picha ya ajali iliyotokea nchi nyingine miaka kadhaa iliyopita. Kilichomjia kimechanganyika, punje na kapi. Kumwambia ale kwa makini ni kumpa kijiko mtu anayehitaji ungo.

Ndiyo maana makala haya yanatetea upembuzi wa habari.

Kupembua si kupepeta, ingawa kamati zetu za istilahi huyachanganya maneno hayo mawili kana kwamba wajumbe wake hawakupata kukaa karibu na kinu. Kupepeta kunarusha nafaka juu ili upepo uchukue makapi. Neno lenyewe ni ndugu wa upepo na pepea. Kazi kubwa hufanywa na hewa. Kupembua kunakuja baadaye. Ungo hutikiswa ubavu kwa ubavu, chenga zikaenda huku na punje nzima kule, na mkono ndio unaoamua. Sikio hulisikia neno hilo karibu na pembea, kwa ule mwendo wa kwenda na kurudi. Mwisho wake, -ua, ndio tunaoukuta katika fungua, ambua na chambua: vitenzi vya kutenganisha kilichoshikana. Wapo wanaolihusisha na pembe, wakidai kwamba anayepembua hutenga vitu pembeni. Dai hilo linapendeza mezani kuliko linavyopendeza kinuni.

Uzuri wa neno hili ni kwamba halimalizi kazi. Anayekula ameshiba, mambo yamekwisha. Anayepembua ana unga wa kusonga, yaani bado ana kitu cha kutengeneza. Kwa hiyo sehemu ya pili ya dhana, ile ya ubunifu, imo tayari ndani ya kitenzi, haihitaji kuunganishwa kwa "na pia".

Wapinzani wamependekeza "uchambuzi". Neno zuri, lakini limeshahamia studio za redio, na mchambuzi sasa ni mtu anayeeleza kwa saa nzima kwa nini beki wa kushoto alipanda. Wengine wanataka "uzingativu", ambalo ni jina la sifa ya mwanafunzi kwenye ripoti ya shule. "Matumizi ya makusudi" ndiyo mabaya zaidi, kwa kuwa Mtanzania akisikia makusudi husikia ubaya: amenikanyaga makusudi. Mwandishi wa makala haya alipolifikisha pendekezo la upembuzi kwa jopo moja, ambalo halina haja ya kutajwa, alijibiwa kwamba neno hilo ni la jikoni mno. Jopo lililojibu hivyo ndilo lililoridhia ulaji.

Kama unatakiwa mfano wa upembuzi uliozaa kazi, usitafutwe mbali. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, watu wa pande zote za Ziwa Nyasa walikuwa wameona gwaride na bendi za kijeshi za wakoloni. Hawakuzimeza jinsi zilivyo. Walichukua mistari, sare nyeupe, vyeo na mshindo wa ngoma kubwa, wakaacha bunduki. Tarumbeta za shaba walizibadilisha kwa vibuyu vya kupuliza vyenye utando mwembamba unaotoa mlio wa kukwaruza. Ikazaliwa mganda, ngoma ambayo vijiji vya mwambao wa Tanzania vimeshindania kwa vizazi. Ng'ambo, Malawi, jamaa yake huitwa malipenga, wingi wa lipenga, yaani tarumbeta. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu beni, aliuweka mganda katika ukoo huo mpana wa ngoma zilizotokana na bendi. Marehemu Kapteni John Komba wa Lituhi, mwanajeshi aliyekuja kuongoza kikundi cha sanaa cha TOT na kuwa mbunge wa Mbinga Magharibi, alipita njia hiyohiyo ya kutoka kwenye gwaride hadi jukwaani.

Kuna pingamizi moja lenye uzito, nalo linatoka milimani kwa Wamatengo. Katika sengu, wanaume wa ukoo walikula pamoja kwa mzee wao, na palepale kwenye chakula wakazungumza habari, wakaonyana, wakaamua ugomvi. Je, huo si ulaji na habari kwa pamoja? Ndivyo, ila sahani ilikuwa ya ugali, na habari ziliwekwa mbele ya wakubwa zipimwe kabla hazijatoka uani. Sengu ilikula chakula na kupembua maneno. Wamatengo haohao wametupa ngoro, mashimo ya kilimo kwenye miteremko mikali yanayozuia mmomonyoko, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wa Japani waliokwenda kuyachunguza miaka ya 1990 waliandika ngoro bila kuunda kamati ya kutafuta jina jingine.

Linabaki tatizo la "upembuzi yakinifu", jina ambalo wahandisi na wachumi wamelipa uchunguzi wa kama mradi unawezekana. Yakini ni uhakika. Uchunguzi huo hufanywa kwa sababu uhakika haupo. Watu wa mwambao wa Nyasa wamelisikia jina hilo mara nyingi kila inapotajwa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, hadi baadhi yao wanalichukulia kuwa namna ya heshima ya kusema treni haiji. Huo ni mzigo wa yakinifu, si wa upembuzi, na neno lisinyimwe kazi nyingine kwa sababu ya mwajiri wake wa kwanza.

Kuhusu matumizi: kitenzi ni kupembua habari, mtendaji ni mpembuzi, na habari iliyopita kwenye ungo ni habari pembue, kama ilivyo teule kwa kilichoteuliwa. Mwalimu atawaambia wanafunzi wapembue kabla ya kusambaza. Mtunzi atasema wiki hii anapembua, wiki ijayo anaandika. Atakayeona "pembue" ni geni sana aseme "iliyopembuliwa", mradi asirudi kwenye sahani.