Factotum (riwaya)
Factotum ni riwaya ya Charles Bukowski (1920–1994), Mmarekani mzaliwa wa Andernach, Ujerumani, iliyotoka mwaka 1975. Mhusika wake mkuu, Henry Chinaski, amekataliwa jeshini wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Anatangatanga New Orleans, Los Angeles na kwingineko akifanya vibarua vya ghalani na viwandani, akilewa, akifukuzwa, akiandika hadithi fupi ambazo majarida humrudishia. Dhiki hiyo Bukowski aliijua: alisota posta ya Los Angeles zaidi ya miaka 10, hadi mchapishaji John Martin alipomwahidi dola 100 kwa mwezi ili aandike tu. Uzito wa kitabu umo katika lugha yake kavu, isiyomhukumu mlevi wala kumpamba. Bent Hamer alikigeuza filamu mwaka 2005, Matt Dillon akiigiza Chinaski.