Redio Ilipozimwa, Mazungumzo Yakaanza: Siku ya Kipindi katika Kampeni ya Mtu ni Afya, Tanzania, 1973

Ikisiri

Historia ya redio ya umma katika Afrika ya Mashariki imeandikwa zaidi kwa kutazama studio: nani alimiliki mitambo, nani alisoma habari, ni serikali ipi iliyotoa amri. Makala hii inageuza mtazamo huo na kuanzia kwa msikilizaji. Kwa kutumia mfano wa kampeni ya Mtu ni Afya iliyoendeshwa nchini Tanzania mwaka 1973, inachunguza jinsi siku moja ya kipindi ilivyopangwa, kuanzia maandalizi ya kiongozi wa kikundi hadi uamuzi wa wanakikundi baada ya redio kuzimwa. Makala inadai kwamba nguvu ya kipindi cha mazungumzo ilitokana na nafasi aliyopewa msikilizaji ya kujibu mbele ya wenzake, wala haikutokana na maneno ya mtangazaji peke yake. Inadai pia kwamba nafasi hiyo ilikuwa dhaifu, kwani chombo kilekile kilichofundisha kujadiliana kilitumika vilevile kutangaza yasiyojadiliwa.

1.0 Utangulizi

Anayechunguza vipindi vya mazungumzo vya redio hukabiliwa na tatizo la ushahidi. Sauti iliyokwenda hewani inaweza kuwa imehifadhiwa katika utepe; maandishi ya mtangazaji yanaweza kuwa yamebaki katika jalada. Lakini maneno yaliyosemwa chini ya mti, darasani au barazani baada ya kipindi kwisha hayakurekodiwa na mtu. Kwa sababu hiyo watafiti wengi huishia kuandika historia ya wasemaji na kuwaacha wasikilizaji wakiwa kundi lisilo na sura, linalotajwa kwa idadi tu.

Kampeni za elimu ya watu wazima zilizotangazwa na Redio Tanzania Dar es Salaam kati ya 1969 na 1975 zinatupatia njia ya kupunguza tatizo hilo. Kampeni hizi zilikusudiwa tangu mwanzo kuwa na sehemu mbili: sehemu ya studio na sehemu ya kikundi. Kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa, kitabu chake na utaratibu wake. Zaidi ya hayo, watafiti wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, akiwamo Budd Hall, walifanya tathmini na kuandika taarifa. Kwa hiyo tunaweza kusema jambo la hakika kuhusu kilichokusudiwa kutokea upande wa pili wa spika.

2.0 Chimbuko la Vikundi vya Kusikiliza

Utangazaji katika Tanganyika ulianza mwaka 1951 kwa kituo kidogo, Sauti ya Dar es Salaam, ambacho mawimbi yake hayakuvuka mbali mipaka ya mji huo. Mwaka 1956 liliundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 shirika hilo lilivunjwa na redio ikawekwa moja kwa moja chini ya wizara. Tangu hapo hadi sheria ya utangazaji ya 1993 ilipofungua mlango kwa vituo binafsi, Redio Tanzania ilikuwa sauti pekee ya ndani kwa wakazi wa Tanzania Bara. Mdundo wa ngoma uliotangulia taarifa ya habari ulijulikana hata kwa majirani wengi waliokuwa ng'ambo ya mpaka.

Wazo la kusikiliza kwa vikundi halikuzaliwa Dar es Salaam. Nchini Kanada, kuanzia 1941 hadi 1965, wakulima walikutana majumbani mwao kusikiliza kipindi cha redio ya taifa na kukijadili. Wito wao ulikuwa kusoma, kusikiliza, kujadili na kutenda. Mwaka 1956 India ilijaribu utaratibu huo katika vijiji vya eneo la Pune kwa msaada wa UNESCO, na katikati ya miaka ya 1960 Ghana nayo ikaujaribu. Tanzania iliupokea utaratibu huu pamoja na uzoefu wa Uswidi wa vikundi vidogo vya kujisomea, na Uswidi ikasaidia kugharimia kazi.

Hata hivyo, mbegu iliyoletwa ilikuta udongo ulio tayari. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilikuwa limeweka kujitegemea mbele ya fedha. Katika hotuba yake kwa taifa kupitia redio usiku wa tarehe 31 Desemba 1969, Mwalimu Julius Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, akisisitiza kwamba lengo la kwanza la elimu hiyo ni kumwondoa mtu katika hali ya kukubali umaskini kana kwamba ni amri ya majaaliwa. Redio ilipewa kazi katika mpango huo. Mwaka 1969 kulikuwa na kampeni ya majaribio, Kupanga ni Kuchagua, kuhusu Mpango wa Pili wa Maendeleo. Mwaka 1970 ikafuata Uchaguzi ni Wako. Mwaka 1971, Wakati wa Furaha, katika kuadhimisha miaka kumi ya uhuru. Kutokana na uzoefu huo kukatayarishwa kampeni iliyozipita zote: Mtu ni Afya.

3.0 Siku ya Kipindi

Kampeni ilidumu kwa wiki 12 katikati ya mwaka 1973. Kabla ya kipindi cha kwanza kurushwa, kazi kubwa ilikuwa imekwisha kufanyika kimyakimya. Wakufunzi wa taifa waliwafunza wa mikoa, wa mikoa wakawafunza wa wilaya, na hao wakawafunza viongozi wa vikundi, wapatao 75,000. Walioshiriki walikadiriwa kufikia milioni mbili. Tukigawanya hesabu hizo, kila kiongozi alikuwa na watu wasiozidi 30, yaani idadi inayoweza kukaa pamoja, kuonana nyuso na kusikizana bila kipaza sauti. Hesabu hii ndogo ndiyo ufunguo wa kampeni nzima. Watu milioni mbili ni hadhira. Watu 27 ni baraza.

Siku ya kipindi ilianza kabla ya saa ya matangazo. Kiongozi alipaswa kuhakikisha kwamba redio inafanya kazi na betri hazijakwisha, jambo ambalo si dogo mahali ambapo betri hununuliwa kwa fedha ya mazao. Vikundi vingi vilijengwa juu ya madarasa ya kisomo yaliyokuwapo, kwa hiyo wanakikundi walikuwa wamezoea kukutana na walikwisha kuondokana na aibu ya mtu mzima anayekaa kwenye dawati.

Kipindi kilipoanza, wote walinyamaza. Hii ndiyo sehemu pekee ya siku ambayo mwanahistoria wa studio anaijua. Mada zilikuwa za maradhi yanayozuilika: malaria, kichocho, kuhara damu, safura na kifua kikuu. Kipindi kilipokwisha redio ilizimwa, na kitendo hicho cha kuizima kilikuwa sehemu ya utaratibu wenyewe. Sasa kitabu kilifunguliwa na sehemu inayohusu mada ikasomwa kwa sauti. Tukumbuke kwamba mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Msomaji mmoja aliwasomea wengi, na betri ilipokwisha kitabu kilibaki.

Baada ya kusoma yalifuata majadiliano. Kiongozi hakutarajiwa kuhutubu. Alifunzwa kuuliza: je, ugonjwa huu upo hapa kwetu? Unaletwa na nini? Sisi wenyewe tunaweza kufanya nini bila kusubiri fedha ya serikali? Hatimaye kikundi kilitakiwa kufikia uamuzi unaotekelezeka: kufukia madimbwi, kufyeka nyasi kuzunguka nyumba, kuchemsha maji ya kunywa, kuchimba choo. Wiki iliyofuata, wenzako wangekuuliza kama umechimba.

Matokeo yalionekana ardhini. Taarifa za tathmini zilizungumzia mamia ya maelfu ya vyoo vilivyochimbwa au kukarabatiwa. Hata kama makisio hayo yatapunguzwa kwa tahadhari ya mtafiti, hakuna hotuba ya redio peke yake inayoweza kuchimba shimo. Shimo lilichimbwa na ahadi iliyotolewa mbele ya jirani.

4.0 Kauli Iliyofungwa na Baraza Lililoifungua

Kwa wanaisimu waliomo katika kongamano hili, majina ya kampeni hizi yana jambo la kutafakari. Kupanga ni Kuchagua. Uchaguzi ni Wako. Mtu ni Afya. Chakula ni Uhai. Isipokuwa Wakati wa Furaha, ambalo ni jina la sherehe, yote yamejengwa juu ya kitenzi kishirikishi "ni". Muundo huu ni wa methali: Umoja ni nguvu, Elimu ni bahari. Ni kauli isiyo na wakati, isiyo na mtenda na isiyotoa nafasi ya "labda". Anayeisema hajitambulishi, ni kana kwamba lugha yenyewe ndiyo iliyosema.

Sifa hiyo inaifaa sana redio ya serikali. Lakini wazungumzaji wa Kiswahili wanajua kwamba methali barazani haifungi mazungumzo. Akitokea mmoja akasema kwamba haraka haraka haina baraka, mwingine atamjibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na mabishano yataendelea kwa adabu. Kauli iliyotoka hewani ikiwa imefungwa ilifika kikundini ikakuta watu wenye haki ya kuifungua. Mtu ni afya, naam. Lakini afya bila maji ya karibu itatoka wapi? Utaratibu wa kikundi ulilihalalisha swali la namna hiyo. Kwa maoni yetu, hapo ndipo ulipo mchango wa kampeni hizi katika historia ya Kiswahili: ziliichukua lugha ya amri na kuiweka katika mazingira ya kujibizana.

5.0 Kutoka Majadiliano hadi Amri

Ingekuwa kosa kuishia hapo, kwa maana historia haikuishia hapo. Novemba 1973, miezi michache tu baada ya kipindi cha mwisho cha Mtu ni Afya, ilitangazwa kwamba kufikia mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wamehamia katika vijiji, na kwamba jambo hilo sasa si la hiari. Operesheni Vijiji iliwahamisha mamilioni, mahali pengine kwa kushurutishwa. Jambo hili lilimgusa mwananchi zaidi ya choo na chandarua, lakini halikuwekewa kiongozi wa kuuliza, kitabu wala wiki 12 za kujadili. Mtu aliyekuwa amejifunza kuuliza "sisi wenyewe tunaweza kufanya nini?" aliambiwa afanye nini. Na nyumba ilipohama, choo kilichochimbwa kwa ahadi ya kikundi hakikuweza kuhama nayo.

Mwaka 1975, katika kipindi cha upungufu mkubwa wa chakula, ilifanyika kampeni ya Chakula ni Uhai. Utaratibu ulikuwa uleule wa redio, kitabu na kikundi, lakini mazingira yalikuwa yamebadilika. Ni vigumu kujadili lishe bora kwa uhuru na kiongozi ambaye jana alisimamia uhamisho wako. Hatusemi kwamba kampeni hii haikuleta faida. Tunasema kwamba imani ya msikilizaji ni mali inayoweza kutumika ikaisha.

6.0 Funzo kwa Majirani

Kwetu tunaoishi katika nchi jirani, suala hili si la kumbukumbu tu. Nchini Rwanda, kituo cha RTLM kilichoanza kurusha matangazo mwaka 1993 kilipata wasikilizaji kwa mtindo wa mazungumzo mepesi, muziki na mizaha, kisha mwaka 1994 kikachochea mauaji ya kimbari. Hakikuwa redio ya umma, lakini kinatuonya dhidi ya dhana iliyozoeleka kwamba kipindi chochote chenye maongezi ya watu wa kawaida ni cha kidemokrasia. Maongezi yalikuwapo. Kilichokosekana ni mahali ambapo msikilizaji angeweza kusema "hapana" mbele ya wenzake na akabaki salama. Nchini Burundi, Studio Ijambo, iliyoanzishwa mwaka 1995 kwa kuwakutanisha waandishi wa Kihutu na wa Kitutsi, ilianzia katika utambuzi kama huo: kabla ya kuwaomba wasikilizaji wazungumze, waliomo studioni waweze kuzungumza wao kwa wao.

Leo vituo vyetu vya umma vina vipindi vya simu na ujumbe mfupi kuanzia alfajiri hadi usiku. Mpiga simu hupewa dakika moja, jina lake na mahali alipo hutajwa, kisha anayefuata huingia. Huo ni upanuzi wa studio, nao una thamani yake. Lakini mpiga simu huyo hana wenzake wa kumwuliza wiki ijayo kama alitenda alichosema.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba siku ya kipindi katika kampeni ya Mtu ni Afya ilikuwa ndefu kuliko kipindi chenyewe. Matangazo yalikuwa sehemu fupi kati ya maandalizi ya kiongozi na uamuzi wa kikundi, na matokeo yaliyosifiwa yalitokana na sehemu ambayo haikurushwa hewani. Vilevile imeonyesha kwamba uwezo huo wa kujadili haukulindwa: ulitumika pale serikali ilipohitaji vyoo, ukawekwa kando pale ilipohitaji utii.

Inapendekezwa kwamba watafiti wa redio katika ukanda wetu wakusanye kumbukumbu za viongozi wa vikundi walio hai, kabla hazijapotea, kwa bidii ileile inayotumika kuhifadhi tepu za hotuba. Waliokuwa vijana mwaka 1973 sasa ni wazee. Ndio wanaojua kilichosemwa baada ya redio kuzimwa.