Wazimba waliovamia Kilwa mwaka 1587

Baada ya kipindi chetu kuhusu vita vya Ain Jalut, ambako Wamamluki wa Misri waliwashinda Wamongolia mwaka 1260, msikilizaji wa Kinyerezi alituuliza: je, pwani yetu nayo iliwahi kuvamiwa namna hiyo? Iliwahi, karne tatu baadaye.

Wazimba walitoka upande wa mto Zambezi, wakaja kaskazini wakipigana njia nzima. Mwaka 1587 walifika ng'ambo ya Kilwa Kisiwani. Usultani wa Kilwa ulikuwa umeshadhoofika. Wareno waliuteka mji mwaka 1505, na dhahabu ya Sofala ilikuwa imewatoka wenyeji mikononi. Lakini kisiwa kilizungukwa na bahari, na Wazimba walikaa miezi kadhaa wakikitazama tu.

João dos Santos, padri Mreno aliyeishi pwani ya Msumbiji miaka hiyo, ameandika kwamba mji uliuzwa na mwenyeji. Mtu mmoja wa Kilwa aliwaendea kwa siri akawaonyesha mahali pa kuvuka kwa miguu maji yakipwa, kwa sharti kwamba yeye na jamaa zake wasiguswe. Wazimba wakaingia usiku, watu wamelala. Padri anataja watu 3,000 waliouawa au kutekwa. Yule msaliti naye hakusalimika: mkuu wa Wazimba aliamuru atupwe baharini, yeye na jamaa zake.

Padri anasema pia kwamba Wazimba walikula watu. Hapo tuwe waangalifu, maana alikuwa anaandika habari za maadui wa Wareno.

Mwaka 1589 walifika Mombasa, wakati Wareno wanapambana na Waturuki wa Mir Ali Bey, wakavuka na kuumaliza mji. Wakaenda Malindi. Wareno waliokuwa huko walikuwa kama 30 tu, na Wazimba walikuwa wameshaanza kuupanda ukuta walipotokea Wasegeju wapatao 3,000 na kuwapiga kwa nyuma. Mkuu wao alitoroka na watu wapatao 100.

Wasegeju hao hao ndio waliosaidia baadaye Mombasa kuangukia mikononi mwa Malindi, na mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Ngome ya Yesu. Leo Wasegeju wengi wako mwambao wa Tanga, kuelekea mpaka wa Kenya.