Mzunguko wa Ziwa: Gari, Kamera na Barabara Zetu

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, mwanamichezo wa magari nchini Kenya aliyeitwa Eric Cecil alimwalika jamaa yake, Neil Vincent, waende kushindana Langa Langa, njia ya mashindano iliyokuwa Bonde la Ufa. Vincent alikataa. Inasimuliwa kwamba alisema hakuna kinachochosha kama kuzunguka na kuzunguka pale pale. Kama Cecil angeandaa safari ya kuvuka nusu ya Afrika na kurudi, ambapo wa kwanza kufika nyumbani ndiye mshindi, basi angekuwemo.

Kukataa huko kulizaa Coronation Safari ya mwaka 1953, iliyokwenda kuanzia tarehe 27 Mei hadi 1 Juni katika Kenya, Uganda na Tanganyika, kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Magari yalikuwa ya kawaida, yaliyopangwa madaraja kwa bei ya dukani. Katika masimulizi ya mwanzo wa mashindano hayo kuna jambo ambalo mtu wa Musoma hawezi kulisoma akapita tu: wazo moja la awali lilikuwa kuzunguka Ziwa Victoria. Liliachwa kwa sababu mvua ikinyesha, baadhi ya vipande vya barabara visingepitika.

Ukisimama Mwigobero, ambapo mitumbwi na kivuko huelekea Kinesi, utaelewa kwa nini. Ziwa limeingia nchi kavu kwa vidole. Kufika ng'ambo unayoiona kwa macho, gari linatakiwa kwanza kutoka mjini hadi Makutano, kisha kwenda kaskazini na kuvuka Mto Mara. Kabla ya Daraja la Kirumi kujengwa, mto huo ulivukwa kwa kivuko. Mzunguko wa ziwa ungekuwa mzunguko mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki, na haukukimbiwa.

Nimeanza na Langa Langa kwa sababu swali langu ni la kamera. Ulaya, Marekani na Japani kuna desturi ya kuwafungulia watu wa kawaida njia ya mashindano kwa siku moja: unalipa, unaingia na gari lako, unazunguka bila kushindana na mtu. Wengi hujitengenezea kishikio cha kamera na kuifunga ndani ya gari. Kazi ya picha hizo ni rahisi kueleza. Kona ya tatu ya mzunguko wa tano ndiyo kona ya tatu ya mzunguko wa sita, kwa hiyo dereva akirudi nyumbani anaziweka sambamba na kuona wapi alifunga breki mapema na wapi alikata kona vibaya. Kamera inakuwa kioo cha kujitazama. Sasa, watu walioamua tangu mwanzo kwamba kuzunguka kunachosha, na ambao barabara yao haijirudii, kamera ndani ya gari inawafaa nini?

Kwa muda mrefu haikuwezekana hata kujiuliza. Kamera ndogo ya filamu ya milimita 16 iliyopendwa na wapiga picha wa miaka ya 1950, kama Bolex, iliendeshwa kwa springi ya kuvuta kwa mkono, na springi hiyo iliisha nguvu baada ya karibu nusu dakika. Roli ya futi 100 ilitosha chini ya dakika tatu. Filamu ilikuwa ghali na ilihitaji kusafishwa maabara kabla ya mtu kujua kama kuna kitu kimetokea. Kurekodi mzunguko mzima wa njia ndefu kulihitaji mitambo mikubwa, umeme na kampuni ya kulipa gharama.

Ndiyo maana filamu ya mwaka 1956 ya Mwingereza Mike Hawthorn inakumbukwa. Alizunguka njia ya Le Mans, Ufaransa, yenye zaidi ya kilomita 13, katika Jaguar D-type iliyofungwa kamera na maikrofoni, huku akieleza kila kona. Mwaka uliotangulia alikuwa ameshinda mashindano ya hapo hapo, yale ambayo gari liliruka na kuua watazamaji zaidi ya 80. Katika filamu hiyo anaongea kwa utulivu kama mtu anayemwonyesha mgeni mtaa wake.

Lakini Le Mans ni barabara za umma, na siku ile hazikuwa zimefungwa. Mbele ya gari la mashindano wanaonekana watu wenye baiskeli na magari ya kawaida, na Hawthorn anawapita. Kwa mpenzi wa magari, hao ni usumbufu. Mimi ninayesoma historia naona wao ndio wamebakia kuwa sehemu yenye thamani zaidi ya filamu. Namna ya kukata kona imeandikwa katika vitabu vingi. Jinsi barabara ya mashambani Ufaransa ilivyokuwa asubuhi ya siku ya kazi, nani alipita na kwa chombo gani, hakuna aliyekaa kuiandika. Kamera iliikusanya bila kukusudia.

Baada ya hapo vifaa vilipungua uzito taratibu. John Frankenheimer alifunga kamera kwenye magari ya mbio kwa ajili ya filamu yake Grand Prix ya mwaka 1966. Mwaka 1979, katika mashindano ya Bathurst, televisheni ya Australia iliweka kamera ndani ya Toyota Celica ya Peter Williamson na kurusha picha moja kwa moja huku dereva akizungumza na watangazaji. Kati ya hayo mawili, mwaka 1976, Claude Lelouch alifunga kamera mbele ya gari na kuvuka jiji la Paris alfajiri kwa mkupuo mmoja wa dakika kama nane, akipita taa nyekundu katika mitaa ambayo haikufungwa. Mlio unaosikika ni wa Ferrari. Gari lililobeba kamera lilikuwa Mercedes, na mlio uliongezwa baadaye, kama Lelouch mwenyewe alivyokuja kueleza. Mwanafunzi wa historia apaswa kukumbuka mfano huo kila anapoambiwa kwamba kamera haisemi uongo. Aibebaye ndiye anayechagua tusikie nini.

Huku kwetu, Safari ilikua kwa kasi. Mwaka 1960 iliitwa East African Safari Rally. Mwaka 1963 magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza. Mwaka 1968 waliomaliza walikuwa tena 7, na Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda mara zote mbili kwa Peugeot 404. Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965 kwa Volvo, akaja kushinda tena 1974 na 1976. Shekhar Mehta alishinda mara tano. Mpaka mwaka 1972, Hannu Mikkola alipofika kwanza na Ford Escort yake, hakuna dereva aliyetoka ng'ambo aliyewahi kushinda. Wenyeji walijua tope, walijua vumbi, na walijua kwamba nyuma ya kilima chochote huenda kuna ng'ombe. Barabara zilikuwa wazi kwa watu wote: lori la pamba, basi la abiria na gari la mashindano vilikutana uso kwa uso.

Kamera zilikuja, nyingi zikiwa za wageni. Mwaka 1969 Wajapani walitoa Safari 5000, filamu ndefu ya kuigiza iliyomleta nyota wao Yujiro Ishihara katika vumbi la Safari, wakati Datsun ikijitafutia jina duniani. Katika picha nyingi za miaka hiyo mpangilio ni ule ule: gari ni mhusika, na mtu wa Afrika Mashariki amesimama pembeni, mkono juu, anapita kwa nusu sekunde. Hana jina. Mara nyingi hata kijiji hakitajwi.

Na yule aliyesimama pembeni hakujiona. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Katika miaka yote ile ambayo Safari ilikuwa ya nchi tatu, mtu wa Musoma aliyetaka kujua nani anaongoza alitegemea redio na magazeti. Kufikia 1974 neno East African lilishaondolewa katika jina la mashindano. Miaka mitatu baadaye Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Barabara ya kwenda Sirari, ambayo ingekuwa sehemu ya mzunguko wa ziwa, ikawa inaishia kwenye kizuizi.

Mabadiliko ya kweli yalikuja na vitu vidogo. Mwaka 2004 kampuni ya GoPro ilitoa kamera yake ya kwanza, ya filamu, iliyofungwa kwenye mkono wa mtelezaji wa mawimbi. Miaka michache baadaye kamera za namna hiyo zikawa za dijitali na zikahamia kwenye magari. Kisha simu zikachukua kazi hiyo kwa wote. Mashindano ya dunia ya rally yalianza mwaka 2018 kuonyesha kila hatua moja kwa moja. Kwa hiyo Safari iliporudi katika ratiba ya dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, magari makubwa yalikuja Naivasha yakiwa na macho ndani yake. Safari hii barabara zilifungwa. Mwaka 2022 dada wa Kikenya, Maxine Wahome, alishinda daraja la WRC3. Huyo ana jina, na picha zake zipo.

Hapa Mwigobero hakuna njia ya mashindano. Kuna madereva wa noah, wa malori ya samaki na wa bodaboda, na wengi wamefunga simu mbele yao, kwanza kwa ajili ya ramani na muziki, kisha kwa kurekodi. Vishikio ni vya kujitengenezea. Kuna kipande cha bati kilichokunjwa, kuna ubao uliotobolewa, kuna mpira wa tyubu uliokatwa mikanda. Anayetaka kizuri zaidi huenda kwa fundi wa kuchomelea na kuomba kibao chenye tundu la boliti ya robo inchi, kwa sababu hiyo ndiyo boliti ambayo sehemu kubwa ya kamera duniani zimetengenezewa tangu zamani.

Fundi hahitaji kufundishwa fizikia ya jambo hili. Kishikio kirefu hutikisika kuliko kifupi. Kilichoshikwa sehemu moja huyumba, kilichoshikwa sehemu mbili au tatu hutulia. Ndani ya gari mahali pazuri ni kati ya nguzo mbili za kichwa cha siti, katikati ya gari, ambapo mtikisiko ni mdogo na kamera inaona mikono ya dereva pamoja na barabara. Mpira hupunguza mtetemo wa injini, lakini ukizidi kuwa laini unaanza kucheza wenyewe. Simu husoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, hivyo gari likitetemeka kwa haraka mistari haikutani na nguzo ya umeme inapinda kama uji unaomwagika. Na lazima kuwe na kamba ya pili, kwa sababu gari likisimama ghafla, chochote ambacho hakikufungwa kinaendelea na safari kuelekea kichwa cha mtu.

Kamera ikishatulia, kuna mambo mawili yanayogombania matumizi yake. La kwanza ni mwendo. Kurekodi mshale wa spidi katika barabara ya Bunda, ambako watoto hutembea kwenda shule na ng'ombe huvushwa jioni, ni kufanya alichofanya Lelouch bila bahati ya Lelouch. Njia ya mashindano ilivumbuliwa ili kosa la dereva limdhuru dereva, na barabara ya wazi haina ukuta huo. Yeyote anayeleta desturi ya kurekodi mizunguko mahali pasipo na njia ya kuzunguka aanze kwa kulikubali hilo.

La pili linanihusu zaidi. Dereva wa lori la samaki anayerekodi kutoka Mwigobero hadi Mwanza kwa mwendo wa kawaida anafanya kazi ambayo hakuna taasisi iliyomtuma. Anarekodi Makutano, Bunda na Lamadi. Maduka yaliyofunguliwa na yaliyofungwa. Mahali maji ya ziwa yamepanda. Ng'ombe wanene au waliokonda. Akirudia njia hiyo kila wiki amepata kile ambacho Vincent alikikimbia, yaani mahali pale pale tena na tena. Picha zake zinaweza kuwekwa sambamba kama za mtu wa Langa Langa, tofauti ikiwa kwamba kinachopimwa ni nchi. Breki zake hazina umuhimu.

Ila picha hizo hazidumu. Simu inajaa, anafuta za mwezi uliopita ili apate nafasi ya nyimbo. Zikipelekwa kwa marafiki zinabanwa mpaka maandishi ya vibao hayasomeki, na hazibebi tarehe wala jina la mahali. Mtafiti wa mwaka 2080 atakuwa na filamu safi ya baiskeli za Le Mans za mwaka 1956. Kuhusu barabara ya Musoma ya miaka yetu huenda akakuta vipande vya sekunde kumi na tano vyenye muziki juu yake.

Dawa yake ni ya bei ndogo kuliko kishikio. Kabla ya kuwasha gari, dereva ataje kwa sauti tarehe, mahali anapoanzia na anakokwenda. Safari moja kwa mwezi, asubuhi, bila muziki, ihifadhiwe nje ya simu, na nakala ya pili ikae kwa mtu mwingine. Na gari lipunguze mwendo kwenye vijiji, kwanza kwa usalama wa watu, kisha kwa sababu ya uso wa yule aliyesimama pembeni. Miaka sabini amepita mbele ya kamera kwa nusu sekunde. Apewe walau muda wa kutambulika.