Baa ya bia za viwanda vidogo

Baa ya bia za viwanda vidogo (huitwa pia baa ya bia za ufundi) ni baa ambayo biashara yake kuu ni kuuza bia zilizopikwa na viwanda vidogo vya kujitegemea, badala ya bia chache za makampuni makubwa zinazopatikana kila mahali. Baa za aina hii zilienea kuanzia miaka ya 1970 na 1980, hasa nchini Uingereza, Marekani na Ubelgiji. Leo zinapatikana katika miji mingi duniani, ukiwemo Nairobi.

Tofauti yake na baa ya kawaida si wingi wa bia tu. Bia nyingi za viwanda vidogo hazichujwi sana, wala hazipashwi joto ili kuua vijidudu, kwa hiyo huharibika mapema kuliko bia za viwanda vikubwa. Bia iliyotoka kiwandani ikiwa nzuri inaweza kuharibiwa na baa yenyewe: kwa joto, kwa mwanga, kwa hewa, kwa mipira michafu au kwa glasi yenye mafuta. Ndiyo maana wajuzi hupima baa kwanza kwa jinsi inavyotunza bia, na urefu wa orodha yake huja baadaye.

Historia

Uingereza

Kwa muda mrefu baa nyingi za Uingereza zilimilikiwa na viwanda vya bia, na mpangaji alilazimika kuuza bia za mwenye nyumba. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 viwanda vingi vilikuwa vimeunganishwa na kubaki makampuni sita makubwa. Makampuni hayo yaliacha kidogokidogo bia ya pipa, ambayo huendelea kuchachuka hadi siku ya kunywewa, na kuleta bia ya kegi iliyochujwa, kupashwa joto na kusukumwa kwa gesi. Bia ya kegi ya wakati huo ilikuwa rahisi kutunza lakini wanywaji wengi waliiona haina ladha.

Mnamo mwaka 1971 Waingereza wanne waliokuwa likizoni nchini Ireland, Michael Hardman, Graham Lees, Bill Mellor na Jim Makin, walianzisha chama cha kutetea bia ya pipa. Chama hicho, kinachojulikana kwa kifupi cha CAMRA, kilikua haraka kuliko walivyotarajia wapinzani wake. Tangu mwaka 1974 kimetoa kitabu cha kila mwaka kiitwacho Good Beer Guide, ambacho huorodhesha baa zinazotunza bia vizuri. Baa huingizwa humo kutokana na kura na ripoti za wanachama wanaokunywa hapo mara kwa mara, si kwa kulipia. Ni vigumu kutaja kitabu kingine kilichowafanya wenye baa kujali ghala lao kiasi hicho.

Mwaka 1989 serikali iliamuru kila kiwanda kinachomiliki baa zaidi ya 2,000 kuziachia huru baadhi yake, na kuwaruhusu wapangaji kuuza walau bia moja ya pipa kutoka kiwanda kingine. Amri hiyo ilifungua mlango kwa viwanda vidogo. Hata hivyo makampuni makubwa yaliuza baa zao kwa makampuni ya majengo, ambayo nayo yaliwafunga wapangaji kwa mikataba inayofanana na ile ya zamani.

Baa ndogo kabisa zilikuja baadaye. Mwaka 2005 Martyn Hillier alifungua The Butcher's Arms katika kijiji cha Herne, Kent, ndani ya chumba kilichokuwa bucha. Hapakuwa na muziki wala mashine za kamari. Bia ilimiminwa moja kwa moja kutoka kwenye pipa, na wateja walikaa karibu kiasi kwamba ilikuwa vigumu kutozungumza. Mfano huo umeigwa na mamia ya wengine.

Marekani

Marufuku ya pombe ya miaka 1920–1933 iliua viwanda vingi vya Marekani, na miunganiko iliyofuata ikaua vingine. Mwishoni mwa miaka ya 1970 nchi nzima ilikuwa na viwanda vya bia chini ya 100. Jijini San Francisco, Fritz Maytag alikuwa amekiokoa kiwanda cha Anchor mwaka 1965, na mwaka 1976 Jack McAuliffe alianzisha New Albion huko Sonoma. New Albion ilifungwa mwaka 1982, lakini wengi waliojifunza kwake waliendelea. Sheria iliyotiwa saini na rais Jimmy Carter mwaka 1978 iliruhusu watu kupika bia nyumbani, na wapishi wengi wa viwanda vya baadaye walianzia jikoni kwao. Leo viwanda vya Marekani ni zaidi ya 9,000.

Baada ya marufuku, majimbo mengi yalitenganisha mpishi, msambazaji na mwenye baa ili kiwanda kisiweze kumiliki baa. Mfumo huo umelalamikiwa sana, lakini ulimwachia mwenye baa uhuru wa kuchagua bia ambao mwenzake wa Uingereza hakuwa nao. Toronado, iliyofunguliwa na David Keene katika mtaa wa Haight jijini San Francisco mwaka 1987, ni mfano maarufu. Haina jiko, haina mapambo ya gharama, na kwa miaka mingi wateja walinunua soseji duka la jirani na kuzila humo. Sifa yake ilitokana na bia zilizokuwa kwenye mabomba yake, na kwa namna zilivyokuwa safi.

Ubelgiji

Ubelgiji haikuhitaji ufufuo mkubwa, kwa kuwa viwanda vyake vidogo na bia za watawa viliendelea kuwepo. Mwandishi Mwingereza Michael Jackson (1942–2007, si yule mwimbaji) alizitangaza bia hizo duniani, kuanzia kitabu chake The World Guide to Beer cha mwaka 1977. Jijini Brussels, Delirium Café iliingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness mwaka 2004 kwa kuwa na aina 2,004 za bia.

Utunzaji wa bia

Bia ya pipa

Pipa la kawaida la Uingereza lina galoni 9, yaani lita 41 hivi. Likifika baa hulazwa juu ya kitanda cha mbao au chuma katika ghala la chini na kuachwa litulie. Ndani yake bado kuna hamira hai. Mtunza ghala hupigilia kigingi cha mti laini kwenye kizibo cha juu ili gesi iliyozidi itoke, kisha hubadilisha na kigingi kigumu ili gesi iliyobaki isiishe. Hamira huzama taratibu na kuwa mashapo. Viwanda vingi huongeza dawa inayotokana na kibofu cha hewa cha samaki ili izame haraka. Kujua siku na saa ambayo pipa liko tayari ni kazi ya pua, ulimi na mazoea.

Ghala hutakiwa kuwa na nyuzi 11 hadi 13 za Selsiasi. Mnywaji wa Dar es Salaam aliyezoea kuulizwa kama anataka bia ya moto au ya baridi angeiona iko katikati. Si kweli, kama inavyodhaniwa mara nyingi, kwamba Waingereza hunywa bia ya moto: bia ya pipa ikipata joto huwa chungu na hupoteza gesi.

Bia huvutwa kwa pampu ya mkono bila gesi yoyote. Kwa hiyo kila glasi inayotoka huingiza hewa ndani ya pipa, na oksijeni huanza kuharibu ladha. Baada ya kufunguliwa, pipa linapaswa kuisha ndani ya siku tatu hivi. Kuna kifaa kinachoingiza gesi ya kaboni badala ya hewa ili kurefusha siku hizo, lakini CAMRA ilikipinga kwa miongo kadhaa; wanachama walipiga kura ya kutokipinga tena mwaka 2018.

Idadi ya mabomba

Hesabu ya pipa inaeleza jambo ambalo wateja wengi hawalioni. Pipa la galoni 9 hutoa painti 72 za Uingereza (painti moja ni mililita 568), ukiacha mashapo. Ili liishe kwa siku tatu, kila pampu inatakiwa kuuza painti 24 kwa siku. Baa inayouza painti 100 za bia ya pipa kwa siku ina uwezo wa pampu nne. Ikiweka nane, kila pipa litakaa karibu siku sita, na nusu ya pili ya kila pipa itakuwa imechacha. Mteja anayeona pampu nane hudhani baa hiyo ni bora kuliko ya jirani yenye tatu, kumbe huenda ni kinyume chake.

Kegi hudumu zaidi kwa sababu hewa haiingii, lakini nazo huchoka. Baa yenye mabomba 60 na wateja wachache huuza bia ya zamani, hata kama orodha yake inavutia. Baadhi ya baa hukwepa tatizo hili kwa kuagiza kegi ndogo za lita 20 au 30.

Mipira, gesi na glasi

Bia ya kegi hupita katika mipira ambamo hamira, bakteria na chokaa ya bia hujijenga. Mipira michafu hutoa ladha ya siki, au ya siagi kama ile ya bisi za sinema. Brewers Association, chama cha viwanda vidogo vya Marekani, hushauri mipira isafishwe kwa dawa kali walau kila wiki mbili, na koki zifunguliwe na kusuguliwa. Kila usafishaji humwaga bia iliyomo ndani ya mipira, na hapo ndipo mwenye baa hushawishika kuahirisha. Mteja hawezi kuiona mipira, huionja tu.

Gesi lazima ilingane na aina ya bia na urefu wa mipira. Ikiwa kidogo, bia hulala. Ikizidi, glasi hujaa povu na nusu yake humwagwa. Mafuta ya sabuni, chakula au rangi ya midomo huua povu. Dalili rahisi ya glasi chafu ni viputo vilivyoganda ukutani mwa glasi, chini ya uso wa bia. Katika glasi safi povu huacha duara baada ya duara kila mteja anapopiga funda.

Umri

Si bia zote zinatakiwa kunywewa upesi, na si zote zinastahimili kungoja. Harufu ya maua ya hopsi katika bia aina ya IPA hufifia ndani ya wiki na miezi, hivyo baa makini husoma tarehe ya kufungashwa kabla ya kupokea mzigo. Bia kali zenye kimea kingi, na zile chachu za Ubelgiji ziitwazo gueuze, huweza kukaa miaka. Kulminator jijini Antwerp ilijulikana kwa chupa zake za miaka mingi. Chupa za rangi ya kijani au zisizo na rangi zikikaa kwenye mwanga hutoa uvundo, kwa kuwa mwanga huvunja viini vichungu vya hopsi. Baa inayozipanga dirishani kama pambo haifai kuuza pambo hilo.

Wahudumu

Mhudumu huulizwa maswali ambayo katika baa ya kawaida hayapo: ipi ni chungu, ipi ni nzito, ipi ina asilimia 4 ya kilevi na ipi ina 11. Mwaka 2008 Mmarekani Ray Daniels alianza kutoa mitihani ya ujuzi huo chini ya jina la Cicerone. Mhudumu mzuri humwonjesha mteja kidogo kabla ya kununua, na humpa bia kali katika kipimo kidogo. Nchini Uingereza theluthi ya painti ni kipimo halali, na theluthi mbili ziliruhusiwa mwaka 2011. Hubadilisha bia mbovu bila ubishi, kwa sababu mara nyingi ndiyo habari ya kwanza kwamba pipa limeharibika.

Umiliki wa viwanda

Makampuni makubwa yamenunua viwanda vidogo vingi: Goose Island ya Chicago ilinunuliwa na Anheuser-Busch mwaka 2011, na Camden Town ya London na AB InBev mwaka 2015. Baadhi ya baa ziliacha kuuza bia za viwanda vilivyonunuliwa, nyingine zikasema zinachojali ni ladha. Suala si la hisia peke yake. Kampuni kubwa inaweza kutoa bia nyingi kwa bei ndogo na kujaza mabomba yote kwa majina yanayoonekana tofauti.

Afrika Mashariki

Nchini Kenya neno kegi linahusishwa zaidi na Senator, bia ya bei nafuu iliyoanzishwa na East African Breweries mwaka 2004 kwa ajili ya wanywaji wa kipato cha chini. Jijini Nairobi baa za Brew Bistro zimeuza bia zinazopikwa nchini na kiwanda kidogo cha Big Five.

Bia hai yenyewe si ngeni katika eneo hili. Mbege ya Wachaga, inayopikwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, huendelea kuchachuka ikiwa inauzwa na hugeuka kuwa kali mno baada ya siku chache. Muuzaji wa mbege Kilimanjaro hupika kwa kukadiria wateja wa siku hiyo, kwani itakayobaki haitamfaa kitu.